Lea, Raheli, na dada aliyemwonea mdogo wake wivu

Dada mmoja ameniandikia barua ndefu. Nimeifupisha na kuondoa yote yanayoweza kumtambulisha, ila maneno yamebaki yake:

"Mchungaji, shikamoo. Mimi ni mtoto wa kwanza kwetu, na anayenifuata ni wa kike pia. Tangu utotoni yeye ndiye alikuwa anasifiwa, sura yeye, akili yeye, adabu yeye. Mimi nilizaa mapema, nina watoto watatu. Mume wangu tunaishi nyumba moja lakini ni kama hanioni. Mdogo wangu mumewe anampenda wazi wazi, ila wamekaa miaka mingi bila mtoto. Mwaka huu alishika mimba, ikatoka. Nilipopigiwa simu, kabla sijaanza kulia, moyoni mwangu kilipita kitu kama furaha. Tangu siku hiyo nimeshindwa kushiriki Meza ya Bwana. Nimesoma Mwanzo 29 na 30 tena na tena. Mungu alikuwa upande wa nani, Lea au Raheli? Na mtu kama mimi anahurumiwa kweli? Je, nimwambie mdogo wangu kilichonipita moyoni? Halafu mama yetu bado anatulinganisha mpaka leo, nifanyeje?"

Marahaba, dada yangu.

Ndiyo, unahurumiwa. Nimelitanguliza jibu hilo kwa sababu najua ndilo ulilolitafuta katika sura zile, na huenda hukuliona kwa kuwa ulizisoma ukitafuta mshindi. Wengi husoma hivyo. Tunataka kujua Mungu alimpendelea nani, ili tujue na sisi tuko wapi. Lakini sura hizo mbili zinaeleza jambo ambalo kwangu ni la faraja kuliko ushindi wa yeyote: Mungu alimhurumia kila mmoja wao pale alipokuwa amepungukiwa, na aliwahurumia wivu ukiwa bado umo ndani yao.

Tuanze na waliowasha moto. Kabla Lea na Raheli hawajaoneana wivu, kulikuwa na wanaume wawili waliowaweka katika hali ya kuoneana wivu. Wa kwanza ni baba yao, Labani. Wa pili ni Yakobo, aliyekuja kuwa mume wao. Alifika Harani, kwa Labani, akimkimbia kaka yake Esau, baada ya kuvaa ngozi za mbuzi mikononi na shingoni na kumdanganya baba yao Isaka, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena, mpaka akapata baraka ya mzaliwa wa kwanza. Akampenda Raheli, akatumika miaka saba kwa ajili yake. Usiku wa harusi Labani akamwingiza Lea. Asubuhi Yakobo alipolalamika, Labani akamjibu kwamba kwao haifanyiki hivyo, kumtoa mdogo kabla ya mkubwa. Aliyejifanya mkubwa mbele ya baba asiyeona, sasa amepewa mkubwa gizani. Wahubiri wengi hulifurahia jambo hili kana kwamba ni haki imetendeka. Mimi siwezi kulifurahia, kwa sababu Labani alimtumia binti yake kumfundisha mtu mwingine adabu. Hakuna mahali Biblia inaposema Lea aliulizwa. Wala Raheli hakuulizwa.

Kuna jambo moja katika simulizi hii ambalo wengi hulipita bila kuliona. Watu hudhani Yakobo alingoja miaka mingine saba ndipo akampata Raheli. Sivyo. Labani alimwambia atimize juma la huyu wa kwanza, kisha atapewa na yule mwingine, halafu ndipo atumike miaka saba mingine. Kwa hiyo Lea alikuwa mke pekee kwa siku saba tu. Juma lake la harusi lilikuwa pia juma la kusubiri harusi ya mdogo wake. Kila aliyekuja kula karamu alijua nini kinafuata. Ukitaka kuelewa uchungu wa mwanamke huyo, usianzie kwenye uzuri wa Raheli, anzia kwenye lile juma.

Mwandishi wa Mwanzo anasema macho ya Lea yalikuwa dhaifu, na Raheli alikuwa mzuri wa umbo na uso. Amesema mara moja tu, akaendelea. Sisi ndio tuliofanya sentensi hiyo kuwa habari nzima.

Kisha linakuja neno ambalo ningependa ulisome kwa sauti ukiwa peke yako, Mwanzo 29:31. Bwana akaona kwamba Lea hakupendwa. Yakobo hakuona, au aliona akanyamaza. Labani aliona, akaendelea kuhesabu mifugo yake. Mungu aliona, akamfungua tumbo.

Angalia sasa majina Lea anayowapa watoto, maana ni kama kusikiliza mtu akiomba chumbani mlango ukiwa wazi. Wa kwanza ni Reubeni, na mama yake anasema Bwana ameyaona mateso yangu, sasa mume wangu atanipenda. Wa pili ni Simeoni: Bwana amesikia kwamba sipendwi. Wa tatu ni Lawi: safari hii mume wangu ataungana nami, kwa maana nimemzalia wana watatu. Watatu, dada yangu, kama wako. Na wa nne ni Yuda, ambapo Lea anasema mara hii nitamsifu Bwana, na mume hatajwi kabisa.

Nimesikia mahubiri mengi yakiishia hapo. Lea amepona, anaimba, hana haja tena na mume. Ni mahubiri mazuri, ila yanamkatisha Lea maneno. Geuza ukurasa. Anakuja kuzaa mtoto wa sita, Zabuloni, na anasema nini? Sasa mume wangu atakaa nami, kwa kuwa nimemzalia wana sita. Kiu ilirudi. Aliyemsifu Bwana kwa Yuda alikuja kumlilia tena mume kwa Zabuloni, na Mungu hakumwambia, "Si ulishapona wewe?" Nakueleza hili kwa sababu najua utakuwa na Jumapili ambayo utatoka kanisani mwepesi kabisa, halafu Jumatano umwone mdogo wako na mumewe wameshikana mikono, na kitu kile kikupite tena. Ukiona hivyo, usihitimishe kwamba ile Jumapili ilikuwa uongo.

Na Raheli je? Ukiwa wewe ni Lea, ni rahisi kumwona Raheli kama mtu aliyekuwa na kila kitu. Alipendwa, alisubiriwa miaka saba ambayo machoni pa Yakobo ilikuwa kama siku chache. Lakini sura ya 30 inaanza na Raheli akimwonea dada yake wivu. Soma tena: aliyependwa ndiye anayemwonea wivu asiyependwa. Anamwambia Yakobo, nipe wana, kama sivyo nitakufa. Na yule mume mwenye mapenzi anamkasirikia, anamuuliza kama yeye yuko mahali pa Mungu aliyemnyima mtoto. Isaka, baba yake Yakobo, alipomwona mkewe Rebeka hazai, alimwomba Bwana kwa ajili yake. Imeandikwa Mwanzo 25:21. Ya Yakobo kumwombea Raheli haikuandikwa popote. Kwa hiyo upendo unaouona kwa mbali, wa shemeji yako kwa mdogo wako, usidhani unamfuta machozi yote. Mume anaweza kumpenda mke na bado asijue la kufanya na uchungu wake.

Wote wawili walikuwa na kidonda, na kila mmoja aliamini dawa yake iko nyumbani kwa mwenzake.

Wivu ukishaanza unatafuta watu wa kuutumikia. Raheli akamtoa kijakazi wake Bilha kwa Yakobo ili amzalie, Lea akamtoa Zilpa. Wanawake hao wawili walizaa wana wanne, na watoto wakapewa majina ya vita isiyokuwa yao. Mtoto wa pili wa Bilha aliitwa Naftali kwa sababu Raheli alisema ameshindana na ndugu yake akashinda. Mtoto mchanga anabebeshwa jina la ushindi dhidi ya mama yake mkubwa! Nikisoma hapo nawafikiria watoto wako watatu. Waangalie vizuri. Hakikisha hawajawa alama ulizofunga dhidi ya mdogo wako. Watoto husikia namna tunavyowataja mama zao wadogo na mama zao wakubwa, hata tukiamini tumeongea kwa mafumbo.

Halafu kuna siku ya tunguja. Ni msimu wa mavuno ya ngano, Reubeni mdogo ameokota tunguja kondeni, akamletea mama yake. Ni mmea ambao watu wa nchi zile za kale waliamini unasaidia mwanamke kushika mimba, na mzizi wake huwa na umbo linalofanana na la mtu. Raheli anaziomba. Lea anamjibu kwa maneno ambayo nadhani yalikuwa yamekaa kifuani miaka: haikutosha kunichukulia mume wangu, sasa unataka na tunguja za mwanangu? Wakaafikiana. Raheli apewe tunguja, Lea apewe Yakobo usiku ule. Jioni Lea akatoka, akamlaki mumewe akirudi kutoka kondeni, akamwambia amemwajiri kwa tunguja za mwanawe. Nilikulia katika nyumba ya mama wawili, kwa hiyo mwanamke anayetoka kumpokea mume njiani kabla hajafika kwa mwenzake sihitaji kuelezewa. Najua namna mtaa unavyotazama. Najua pia namna watoto wanavyotazama.

Na matokeo? Aliyechukua tunguja hakupata mimba. Aliyezitoa ndiye aliyemzaa Isakari, kisha Zabuloni, kisha binti, Dina. Mwanzo 30:17 inasema Mungu alimsikia Lea. Alimsikia lini? Baada ya kununua usiku mmoja na mume wake mwenyewe, katikati ya ugomvi. Kisha mstari wa 22 unasema Mungu akamkumbuka Raheli, akamsikia, akamfungua tumbo, naye akamzaa Yusufu. Alimkumbuka lini? Baada ya Naftali, baada ya tunguja, baada ya kila njia yake kushindikana. Hakuna mstari unaosema Raheli aliacha kwanza wivu ndipo akasikilizwa. Hata baada ya Yusufu kuzaliwa, maneno yake ya kwanza ni kwamba Mungu amemwondolea aibu, na ya pili ni kuomba mwana mwingine.

Hili ndilo jibu la swali lako la upande. Mungu alikuwa upande wa Lea kwa kuwa hakupendwa, na alikuwa upande wa Raheli kwa kuwa hakuwa na mtoto. Hakumpunguzia mmoja ili kumwongezea mwingine. Yusufu hakuchukuliwa kutoka kwa Lea. Yuda hakuchukuliwa kutoka kwa Raheli. Sisi ndio tunaofikiri rehema za Mungu zinagawanywa kama mirathi ya shamba, kwamba akipimiwa ndugu yako hatua nyingi basi zako zimepungua. Nadhani kile kilichokupita moyoni siku ya simu kilitoka katika hesabu hiyo. Hukutaka mtoto afe. Ulikuwa na kitu kimoja tu ambacho mdogo wako hana, ukaogopa kukipoteza. Ni dhambi, sitaiita jina jingine, lakini nataka uijue ilivyo ili uitubu ilivyo, usijiitie majina makubwa kuliko uliyotenda.

Lazima pia niseme ukweli ambao si mtamu. Rehema haikuwasawazisha madada hao. Hakuna mahali panaposema Yakobo alikuja kumpenda Lea kama alivyompenda Raheli. Miaka mingi baadaye, Yakobo alipokuwa anakwenda kukutana na Esau akiogopa kushambuliwa, aliwapanga watu wake: vijakazi na watoto wao mbele, Lea na watoto wake nyuma yao, Raheli na Yusufu mwisho kabisa, mahali pa usalama. Watoto wa Lea waliiona foleni ile. Na Raheli, aliyesema apewe wana au afe, alikufa akimzaa Benyamini, njiani, kabla hajafika Efrathi, ndiyo Bethlehemu. Akazikwa hukohuko barabarani. Kwa hiyo sikuahidi kwamba mumeo atageuka, wala simwahidi mdogo wako mtoto. Ninachokuambia ni kwamba Mungu alimwona Lea katika ndoa ile ambayo haikubadilika, akamfanya mama wa Lawi, aliyezaa ukoo wa Musa na Haruni, na mama wa Yuda, aliyezaa ukoo wa Daudi na wa Bwana wetu Yesu. Lea hakuishi kuyaona hayo. Lakini alionwa.

Torati yenyewe ni kama iliisikia nyumba ile ikilia. Walawi 18:18 inakataza mwanamume kumwoa mwanamke pamoja na ndugu yake wakati wote wawili wako hai, ili wasiwe washindani. Kumbukumbu la Torati 21 inakataza mtu mwenye wake wawili, mmoja apendwaye na mmoja achukiwaye, kumnyima mtoto wa asiyependwa haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Machozi ya Lea yakawa sheria ya kuwalinda wanawake ambao hakuwajua.

Kuna mahali pamoja tu ambapo Lea na Raheli wanazungumza kwa sauti moja. Mwanzo 31:14, Yakobo anawaita kondeni awaambie Mungu amemwamuru arudi kwao. Wanamjibu pamoja: je, tunayo tena sehemu katika nyumba ya baba yetu? Hatukuhesabiwa kuwa wageni? Ametuuza, na fedha zetu amezila. Walikuwa wameshindana miaka yote hiyo, na siku wanapotazama upande mmoja wanagundua walikuwa na jeraha moja, na aliyewajeruhi ni mmoja. Sijui kama wewe na mdogo wako mmewahi kukaa mkazungumza juu ya utoto wenu. Wewe unakumbuka yeye akisifiwa. Muulize siku moja yeye anakumbuka nini. Mtoto anayesifiwa kila siku mbele ya dada yake naye hubeba mzigo, wa kuogopa kuanguka, na mara nyingi wa kuogopa kumpenda dada yake waziwazi.

Marabi wa Kiyahudi walikaa na hadithi hii karne nyingi, na wana mapokeo mawili ninayoyapenda sana. Si Maandiko, nayasema kama mapokeo. La kwanza: Yakobo na Raheli walikuwa wamepeana ishara za siri kwa kuwa walimshuku Labani. Usiku wa harusi, Raheli alipoona dada yake anaingizwa, alimpa ishara zile ili asiaibike mbele ya watu. Na Yerusalemu ilipoangamizwa, wanasema, mababa wote waliomba wasisikilizwe, akasimama Raheli akamwambia Mungu: mimi ni nyama na damu, nilishinda wivu wangu nisimwaibishe dada yangu, wewe Mfalme mwenye rehema utawaonea wivu miungu isiyo kitu na kuwahamisha watoto wangu? Ndipo rehema za Mungu zikaamka. La pili limo katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi hao: Lea alipokuwa na mimba ya saba alipiga hesabu. Yakobo alitarajiwa kuwa na wana kumi na wawili, sita walikuwa wake, wanne wa vijakazi. Akizaa mwingine wa kiume, Raheli atabakiwa na mmoja tu, atakuwa chini ya vijakazi. Akaomba, na mtoto akawa Dina. Jinsi walivyowapenda mama zao hawa wazee! Walisoma ugomvi uleule tunaousoma sisi, wakaamini kwamba chini yake kulikuwa na dada wawili waliotunzana heshima gizani.

Ndani ya Maandiko yenyewe wivu huu unafika mwisho wake, ila si kwa kina mama. Uliendelea kwa watoto. Wana wa Lea na wa vijakazi walimchukia Yusufu wa Raheli, wakamuuza kwa vipande ishirini vya fedha, na aliyetoa wazo la kumuuza ni Yuda, mtoto wa Lea. Kisha njaa ikaja, wakashuka Misri, na yule mkuu wa nchi wasiyemtambua, kumbe ni Yusufu, akataka kumbakiza Benyamini, mtoto wa pili wa Raheli. Yuda akasogea mbele. Soma Mwanzo 44 polepole. Katika maombi yake anayarudia maneno ya baba yao: ninyi mnajua ya kuwa mke wangu alinizalia wana wawili. Mke wangu, wana wawili. Yaani Yakobo mzee, mbele ya watoto wa Lea, bado anasema kana kwamba mke ni Raheli peke yake. Yuda analinukuu neno hilo lililomfuta mama yake, na katika pumzi ileile anasema: mimi nibaki mtumwa badala ya kijana huyu, yeye aende na ndugu zake. Hakungoja baba yake abadilike. Upendeleo ulikuwa palepale, naye akaacha kuulipizia kwa mtoto wa Raheli. Yusufu aliposikia hayo alishindwa kujizuia, akalia mpaka nyumba ya Farao ikasikia.

Mimi kwa maoni yangu hapo ndipo Lea alipofarijiwa. Mtoto wa wimbo wake, yule wa "nitamsifu Bwana", ndiye aliyejitoa kwa ajili ya mtoto wa mdogo wake. Baadaye ufalme ulipogawanyika, Benyamini ilibaki pamoja na Yuda. Na siku Boazi anamwoa Ruthu langoni pa Bethlehemu, wazee wa mji ule, watu wa kabila la Yuda, yaani wajukuu wa Lea, wanambariki bibi arusi wakisema Bwana amfanye kama Raheli na kama Lea, wale wawili walioijenga nyumba ya Israeli. Wajukuu wa Lea wanamtaja Raheli kwanza, na haiwaumi.

Sasa mambo yako.

Kuhusu Meza ya Bwana, rudi. Nenda kwa mchungaji wako, umweleze ulichoniandikia mimi, muombe pamoja, ushiriki. Mungu alimsemesha Kaini kabla hajamuua Habili, akamwonya kwamba dhambi inamwotea mlangoni naye yampasa aishinde. Rehema ya kwanza ya Mungu kwa Kaini ilikuwa onyo hilo, na Kaini akalipita akaenda shambani. Wewe kitu kilikupita moyoni, ukatetemeka, ukaacha kula, ukaandika barua. Umelisikia onyo. Huyo anayejiweka mbali na Meza kwa sababu amejiona mwenye dhambi, Meza iliandaliwa kwa ajili yake.

Kumwambia mdogo wako? Hapana. Si sasa, na huenda isiwe kabisa. Amempoteza mtoto, na maungamo yako yatamfanya aache kumlilia mtoto aanze kukubeba wewe. Dhambi hii ilitendeka moyoni, mbele za Mungu, na huko ndiko inakoungamwa. Yeye mpe mambo ambayo wivu ungekuzuia kumpa. Nenda ukae kwake siku kadhaa, upike, ufue, umpokelee wageni wanaochosha. Usimwambie atapata mwingine. Usimwambie Mungu alikuwa na makusudi. Siku za mwanzo usiende na watoto wako mpaka awaulizie mwenyewe. Akitaka kumzungumzia mtoto wake kama mtu, hata kama mimba ilikuwa changa, zungumza naye hivyo hivyo. Na mkikaa na ndugu au majirani, neno tasa lisitoke kinywani mwako, na likitoka kwa mwingine likatae mbele ya watu.

Kuhusu mumeo, barua yako imegusa kidogo tu, nami sitaki kujaza pale ulipoacha wazi. Lakini kama kutokukuona ni pamoja na kukupiga, kukunyima matumizi au kukutukana mbele ya watoto, usitumie habari ya Lea kuvumilia hayo. Lea hakuwa na pa kwenda. Wewe unaye mchungaji, una wazee wa ukoo, kuna ustawi wa jamii na kuna dawati la jinsia kituo cha polisi.

Mama. Huyu ndiye anayehitaji maneno. Ni mzazi, kwa hiyo nenda kwa heshima, mkiwa wawili tu, siku ambayo mdogo wako hayupo. Mwambie: mama, ukitaka kumsifu mdogo wangu msifu, na mimi nitaitikia, ila usinitie mimi ndani ya sifa hizo. Mwambie pia, na hili ni muhimu zaidi, asimlinganishe mdogo wako na wewe kwa habari ya watoto. Bila shaka anafanya hivyo, na pengine wewe hujawahi kusikia kwa sababu anafanya ukiwa haupo. Mtetee mdogo wako kwa mama yenu kabla ya kujitetea wewe. Mama akikasirika, mwache apoe. Kisha mtafute mama mdogo au shangazi ambaye mama humsikiliza, umweleze yote, arudi kuzungumza naye.